Gauni Limerudi Linanuka Udi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya wauzaji wenzangu wa mtandaoni hapa Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, hasa wa Mbagala na Gongo la Mboto, wakaniomba niiweke yote. Nimeiweka kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wenyeji wetu, mama zangu, dada zangu, na nyie kaka zangu wachache mliojibanza kule nyuma karibu na chai: habari za asubuhi?

Hamjaamka. Habari za asubuhi?

Haya. Naanza na gauni.

Alhamisi moja mwaka jana mteja alinitumia meseji. Anataka lile gauni la kijani la lesi, saizi 14, la shilingi 85,000. Akalipa hapo hapo bila kuomba punguzo, jambo ambalo lilitakiwa linishtue. Boda akapeleka Sinza. Jumatatu asubuhi ikaingia meseji nyingine: "Dada samahani, gauni halijanikaa. Naomba nirudishe unipe hela yangu." Nikamwambia leta.

Gauni likaja. Nafungua mfuko, na kabla macho hayajaona kitu, pua ikasikia. Udi. Udi, na chini ya udi, pilau. Nikalikunjua. Kwapani kuna weupe wa deodoranti. Kwenye pindo kumenasa yale makaratasi ya kumetameta wanayomrushia bibi harusi akiingia ukumbini. Gauni halijamkaa, lakini lenyewe limekaa sendoff nzima, tena inaelekea halikukaa sana kwenye kiti.

Mnacheka kwa sababu mnamjua. Kila mmoja wenu humu anaye mteja huyo. Nauliza: ingekuwa wewe, ungefanya nini? Nasikia "block". Nasikia "mposti". Nani huyo kasema "mrudishie na nauli ya boda"? Mama, wewe ni mtu wa peponi. Nitawaambia mwisho nilifanya nini. Kwanza tuzungumze kuhusu mlango ambao sisi wauzaji hatupendi hata kuutazama, mlango ambao mzigo unarudia.

Nyoosheni mikono. Nani kwenye ukurasa wake ameandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Usiogope, nyoosha. Naona karibu ukumbi mzima. Na mimi niliandika, miaka miwili.

Maneno yale tumeyarithi. Yalikuwa yamebandikwa Kariakoo juu ya kaunta tangu tukiwa watoto, na tulipohamisha duka kwenda kwenye simu tukayahamisha na yenyewe. Lakini hebu fikiri. Mama aliyenunua kitenge Kariakoo alikishika. Alikikunjua, akakitazama kwenye mwanga wa jua mlangoni, akakivuta kuona kama kinafumuka, akalivaa gauni juu ya gauni, akaita shoga yake, akaondoka akarudi, akapunguziwa. Huyo ukimwambia hairudishwi, walau alipata nafasi yake. Mteja wako wewe alishika nini? Alishika simu yake. Amenunua picha, na picha umepiga wewe, saa kumi jioni jua likiwa zuri, ukaongeza filta. Halafu unamwambia hairudishwi?

Nataka niwape kisa cha mtu wa zamani kidogo, kwa sababu tunadhani mambo haya yameanza na Instagram.

Mwaka 1912, kwenye jimbo la Maine huko Marekani, kulikuwa na mwenye duka mmoja, mpenda kuwinda, jina lake Leon Leonwood Bean. Alichoka kurudi kutoka porini miguu imelowa. Akabuni buti: chini mpira, juu ngozi. Akapata orodha ya watu wa majimbo mengine wenye leseni za kuwinda Maine, akawaandikia kwa posta. Nina buti hizi, mkiona hazifai nirudishieni, niwape hela yenu. Watu wasiomjua wakatuma hela kununua kitu ambacho hawajakigusa. Si biashara yetu hiyo? Tofauti ni kwamba yeye alinunua stempu, sisi tunanunua bando.

Akauza jozi 100 za kwanza. Zikarudi 90.

Tisini! Mshono unaoshika ngozi na mpira ulikuwa unachanika. Sasa jiweke pale. Mizigo 90 imerundikana mlangoni, kila mmoja una barua ya matusi ya kistaarabu. Ungefanya nini? Semeni kweli. Ungezima simu. Ungebadilisha jina la ukurasa, ukafungua mwingine kwa jina la mwanao. Yule bwana alirudisha hela zote, akakopa, akarekebisha ule mshono, akauza tena. Kampuni yake ipo mpaka leo, zaidi ya miaka 100, na ile ahadi ya kurudisha ndiyo iliyoijenga kuliko hata buti zenyewe.

Msipige makofi bado, kisa hakijaisha. Dhamana yao haikuwa na ukomo wa muda. Ukirudisha baada ya miaka kumi, sawa. Na duniani hapa, ukiacha kitu hakina ukomo, anatokea mjanja. Watu wakawa wananunua buti kuukuu kwenye minada ya vitu vilivyotumika, wengine wanaziokota, wanapeleka dukani: nibadilishieni. Kama vile uokote kiatu pale soko la Karume, ukipeleke kiwandani upewe kipya. Kampuni ilisema kwamba ndani ya miaka mitano ilipoteza dola milioni 250 kwa mizigo iliyorudi ambayo haikufaa kuuzwa tena. Februari 2018 wakasema basi: mwaka mmoja, na uje na ushahidi wa kununua.

Tazameni walichofanya. Hawakurudi kuandika "hairudishwi". Mlango waliuacha wazi, wakaweka bawabu.

Nani amewahi kufungua belo la mtumba akakuta blauzi ina tagi bado inaning'inia? Karibu wote. Mkiona tagi hizo mnafurahi, wenzetu wa soko la Gikomba kule Nairobi nguo za namna hiyo wanaziita kamera, zinauzwa kwanza. Je, mmewahi kujiuliza mtu gani ananunua blauzi mpya halafu anaitupa na tagi yake?

Mimi nilikutana na blauzi hizo upande wa pili. Nilikaa Uingereza miaka minne, na kwa miaka mitatu kati ya hiyo nilifanya kazi ghalani, kitengo cha mizigo iliyorudi. Jina la kampuni sitalitaja, walinilipa mshahara na walinipa baridi, tumeachana salama. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unasimama kwenye meza yenye taa kali. Mzigo unakuja, unaupiga skana, kompyuta inakuonyesha mteja alinunua nini na anarudisha kwa sababu gani. Unafungua. Unalinganisha rangi, saizi, lebo ya ndani. Unapitisha mkono kwenye mishono. Unaingiza mkono mfukoni, na mfukoni mwa watu, ndugu zangu, kuna mambo: risiti za hoteli, vidonge, tiketi za sinema, siku moja meno ya bandia. Halafu unanusa. Ndiyo, unanusa. Msimamizi wangu, mama mmoja wa makamo kutoka Poland, alikuwa anasema taa inadanganywa, pua haidanganywi. Yeye ndiye aliyenisomesha lile gauni la Sinza miaka mingi kabla sijalikuta.

Ukimaliza kukagua nguo unaipanga. Iliyo safi inapigwa pasi ya mvuke, mfuko mpya, inarudi rafuni kama haijawahi kutoka. Yenye kasoro ndogo inauzwa kwa punguzo. Ile ambayo gharama ya kuisafisha inapita bei yake inawekwa kwenye chaga la mbao pamoja na nyingine mia kadhaa, madalali wanakuja kununua kwa jumla bila hata kuchambua. Hapo ndipo safari ya baadhi ya zile tagi zenu inapoanzia. Nyingine zinatokana na mteja aliyechelewa siku za kurudisha, akaona aibu, akaitia kwenye pipa la sadaka. Na kuna vitu ambavyo kampuni kubwa zinamwambia mteja kaa nacho, na hela yako hii hapa, kwa sababu kukisafirisha kurudi ni ghali kuliko chenyewe. Wafaransa wametunga sheria mwaka 2020 kuzuia nguo ambazo hazikuuzwa zisichomwe wala kutupwa, maana ilifikia huko.

Sasa ile sababu ya kurudisha inayoandikwa kwenye kompyuta. Mnadhani mara nyingi ilisemaje? Wizi? Hapana. Saizi. Saizi, saizi, saizi, halafu "haifanani na picha".

Nipeni dakika moja ya hesabu. Shirikisho la wauzaji rejareja la Marekani lilitoa takwimu za mwaka 2023. Bidhaa zilizorudishwa zilikuwa za dola bilioni 743, sawa na asilimia 14.5 ya mauzo yote. Kwa wanaouza mtandaoni ikawa asilimia 17.6. Na katika hizo zilizorudi, ulaghai ulikuwa asilimia 13.7. Ni hela nyingi sana, zaidi ya dola bilioni 100, siwezi kuidharau. Lakini geuzeni shilingi mtazame upande wa pili. Katika kila dola 100 za mali iliyorudi, dola 86 na ushee zilirudishwa na watu wasioiba chochote. Zimerudi kwa nini basi? Na nani kasababisha?

Niliporudi Dar nikaanza kuuza, nilisahau yote niliyojifunza. Nikawa kama nyie, kila anayerudisha ni mwizi. Mpaka siku moja mama yangu mzazi, aliyeuza vitumbua Temeke miaka ishirini na daftari lake la kurasa mia, akaniuliza: wamerudisha wangapi mwezi huu? Sijui. Kwa nini? Sijui. Akanitazama tu. Wakubwa walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nina simu yenye kumbukumbu ya kutosha video elfu, sina daftari.

Nikaandika kwa miezi mitatu. Mizigo iliyorudi: 31. Saizi, 19. Rangi tofauti na picha, sita. Zip mbovu au mshono umeachia, mitatu. Wezi, watatu. Watatu! Na mimi kwa ajili ya hao watatu nilikuwa nawajibu vibaya ishirini na wanane, ambao kosa lao lilikuwa kuniamini mimi.

Saizi 14 ya Guangzhou kule China si saizi 14 ya Uingereza, na hizo zote mbili hazijawahi kukutana na nyonga ya mwanamke wa Mbagala. Tunajua hivyo, na bado tunaandika "saizi 14 ipo". Nunueni futi ya fundi cherehani, elfu moja haifiki. Pima kifua, kiuno, nyonga, urefu, andika kwa inchi chini ya picha. Piga picha moja bila filta, hata kama inaumiza. Miezi mitatu iliyofuata saizi zilishuka kutoka 19 hadi saba. Sikukamata mwizi hata mmoja, nilikamata futi.

Haya, tuje kwa wezi, maana naona mmekaa sawa.

Yupo wa vaa-urudishe, huyo wa Sinza. Yupo wa kubadilisha: wewe umetuma OG, inarudi kopi, au simu inarudi betri si ile. Yupo anayesema boksi limefika tupu. Yupo anayerudisha kitu cha duka jingine kabisa kwa sababu kwenu mna roho nzuri. Na yupo wa kwetu, ambaye harudishi mzigo, anarudisha muamala: amepokea viatu, boda akiwa bado hajafika barabara kubwa anapiga mtandao wa simu kudai alituma hela kimakosa. Wangapi yamewakuta? Ee. Basi hilo ni sababu tosha ya kutumia lipa namba ya biashara badala ya namba yako binafsi, na kutunza mazungumzo yote yanayoonyesha hela ilikuwa ya nini.

Kisa cha wakubwa. Muncie, mji wa jimbo la Indiana, mume na mke. Walifungua akaunti nyingi sana kwa majina ya uongo kwenye Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni la Marekani. Wananunua kamera, saa za kidijitali, mashine za michezo ya video. Kikifika wanasema kimeharibika. Kampuni, kwa kuwa inajali mteja, inatuma kingine kabla cha kwanza hakijarudi. Cha kwanza hakirudi. Vyote viwili vinauzwa. Walichukua mali ya zaidi ya dola milioni 1.2, na mwaka 2018 walihukumiwa karibu miaka sita kila mmoja.

Hawakuvunja kufuli. Walipenya kwenye nafasi iliyopo kati ya "nakutumia kingine" na "kile cha kwanza kimefika". Nafasi hiyo kwako ipo? Mteja akikwambia, dada nitumie kingine, nikikipokea nampa boda hiki kibovu, unasemaje? Mimi nasema: boda anakuja kuchukua kibovu, nakiangalia, kingine kinatoka. Kama haraka ni yako, haya, lakini ujue umekopesha.

Lakini mwizi aliyeniumiza mimi hakuwa mteja.

Mwezi mmoja mikoba mitatu ilirudi. Ile ya ngozi, ya laki moja na ishirini. Boda anakuja ananiambia, mteja kakataa, kasema si yenyewe. Nafungua, kweli si yenyewe, ndani kuna kopi. Nikawaka. Nikasema wateja hawa wamenunua kopi Kariakoo, wamebadilisha, wamerudisha. Wawili nikawaposti. Picha zao za profaili, namba zao, na maneno ambayo sitayarudia mbele ya mama zangu. Watu wakatoa maoni mia tatu. Wa tatu nilipompigia simu nimtukane, akaniuliza taratibu: "Dada, kwani mkoba wangu umeshafika? Mimi bado nausubiri."

Ukumbi umenyamaza. Na mimi siku ile nilinyamaza hivyo hivyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yule kijana wa boda nilimwamini, nilikuwa nampakulia chakula kwangu. Alikuwa hafiki kwa mteja kabisa. Njiani anabadilisha, anarudi na hadithi. Kwa mmoja alifika, akamkabidhi kopi, dada wa watu akakataa kwa haki kabisa, na mimi nikamposti. Nilimfuata nyumbani kwake Tabata, nikapiga magoti sebuleni mbele ya mumewe. Alinisamehe. Hakununua tena kwangu, na sikutegemea anunue.

Wala si sisi wadogo tu. Mwaka 2019 Jumia, lile duka la mtandaoni lililofunga huduma zake hapa kwetu Novemba mwaka huo huo, ilitangaza yenyewe kwamba imegundua oda zisizo halali, nyingine zikipitia kwa mawakala wake wa mauzo, zilizoagizwa halafu zikafutwa. Oda hizo zilifikia kama asilimia 2 ya thamani ya mauzo ya 2018, na asilimia 4 ya robo ya kwanza ya 2019. Na Desemba 2023 Amazon ilifungua kesi Marekani dhidi ya kundi linaloitwa REKK. Kwa mujibu wa madai yao, kundi hilo lilikuwa na wafuasi zaidi ya 30,000 kwenye Telegram na lilikuwa linauza huduma: wewe nunua laptopu, sisi tutakurudishia hela na laptopu utabaki nayo, tupe asilimia yetu. Walifanyaje? Amazon inadai walikuwa wanawahonga wafanyakazi wa ghalani. Mtu kwenye meza kama ile yangu, chini ya taa kama ile yangu, anabonyeza "imepokelewa" na meza haina kitu.

Kwa hiyo naomba, naomba sana: acheni kuposti watu. Kwanza unaweza kuwa umekosea kama mimi. Pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu na sura ya mteja ni taarifa zake, si zako. Mteja wa mikoba angenipeleka mbali kama angetaka.

Bawabu wangu mimi ni nani sasa? Nawaambia ninavyofanya, chukueni mnachotaka. Nikifunga mzigo narekodi video fupi, kitu kinaonekana, namba yake ya utambulisho kama kinayo, mfuko unafungwa, jina la mteja linaandikwa juu. Boda akipokea anasaini kwenye daftari, na mteja anatumiwa video hiyo kabla boda hajafika. Ndani ya pindo la kila gauni nashona uzi mwekundu, pisi mbili, mahali ambapo mimi tu najua; gauni likirudi bila uzi si la kwangu. Siku moja mteja akabisha sana, nikamwonyesha uzi kwenye magauni mengine yote rafuni, akacheka yeye mwenyewe, akaenda kuleta la kwangu. Magauni ya sherehe yana lebo kubwa ya plastiki kifuani, jambo nililoliona Uingereza. Unaweza kulivaa nyumbani, ukajigeuza kwenye kioo, ukamwita dada yako. Huwezi kwenda nalo ukumbini labda ujifunike na mtandio usiku kucha. Lebo ikikatwa, gauni limenunuliwa.

Kule Uingereza sheria inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadilisha nia bila kutoa sababu, na nyingine 14 za kurudisha. Najua, mmeguna. Lakini kipimo chao ni kizuri: kijaribu kama ambavyo ungekijaribu dukani. Ukizidisha hapo, muuzaji ana haki ya kukata. Mimi natoa siku tatu kwa Dar, saba kwa mikoani, kuanzia siku aliyochukua mzigo kwenye basi. Chupi, hereni na vipodozi vilivyofunguliwa havirudi, na hata Waingereza ndivyo walivyo. Kosa langu, boda nalipa mimi. Saizi hukuipima wakati vipimo niliandika, boda unalipa wewe. Zara, wale wauza nguo wakubwa wa Hispania, walianza kuwatoza wateja wa mtandaoni wa Uingereza pauni 1.95 kwa kurudisha mwaka 2022, watu wakalalamika, wakaendelea kununua. Hela inarudi kwenye namba ile ile iliyotoka, si ya shemeji wala ya mwenye nyumba, na inarudi nikishafungua mfuko na kunusa.

Na wale wanaorudisha kila mara? ASOS, wauza nguo wa mtandaoni wa Uingereza, mwaka 2019 walifanya jambo nililolipenda. Siku za kurudisha waliziongeza kutoka 28 hadi 45, na siku hiyo hiyo wakatangaza kwamba mtu ambaye mwenendo wake wa kurudisha hauelezeki, akaunti yake wanaweza kuifunga. Huku wanapanua mlango, huku daftari liko wazi mezani. Mimi mteja akirudisha mara tatu mfululizo simfungii, nampigia. Mara nyingi nagundua ni mjamzito na hajawaambia watu.

Nimeona mwenyekiti ananionyesha saa. Gauni.

Biashara haigombi. Nilikaa nalo mapajani nusu saa, udi unanipanda kichwani, nikampigia. Nikamsalimia, nikamuuliza hali ya nyumbani, halafu nikamuuliza: "Na sherehe ilikuwaje?" Kimya. Kimya kirefu. Akasema, "Ilikuwa nzuri dada." Ilikuwa sendoff ya mdogo wake, kamati ilichagua kijani, na mshahara ulikuwa haujatoka. Nikamwambia, mdogo wangu, hela yote siwezi kukurudishia, gauni limeshachezewa. Lakini kama ungeniambia Alhamisi unataka la kuvaa siku moja, ningekukodisha kwa elfu thelathini. Basi tuhesabu ulikodi. Nikamrudishia 55,000, nikatoa na gharama ya dobi kwenye thelathini yangu, sikupata kitu cha maana.

Wiki ya pili akanitumia namba tatu za marafiki zake. Wote wana sherehe, wote hawataki kununua. Leo nina magauni 14 ya kukodisha, na mwezi wa Desemba yanaingiza kuliko yale ya kuuza. La kijani bado lipo, uzi wake mwekundu ndani ya pindo. Limeshaenda sendoff kumi na moja, na wiki ijayo linakwenda Morogoro.

Asanteni sana. Chai ipo kule nyuma, kama kaka zetu wametubakishia.